Virusi vilivyorekebishwa kuua saratani: vinachaguaje seli, na vinashindwa wapi?

Maabara_Wete ameuliza:

Assalaam alaykum wenzangu. Maneno ya "sindano ya kirusi kinachokula saratani" yamezagaa kwenye simu za watu, na jamaa za wagonjwa wanayauliza mpaka kwenye dirisha la maabara. Wanastahili jibu lililonyooka, na sisi tunaoulizwa inatubidi tulielewe kwanza.

Ninachotaka kujua: kirusi kinaitambuaje seli ya saratani kikaiacha ya jirani yake iliyo nzima? Nimesoma kwamba kwenye kirusi cha herpesi huondolewa jeni ya ICP34.5, lakini sijaona inahusianaje na saratani. Halafu kuna virusi vinavyoua na kuna vinavyobeba jeni tu. Mpaka wake uko wapi? Kwa nini vingi vinachomwa ndani ya uvimbe, visipitishwe kwenye mshipa kama kemo? Na mwisho, tuchukulie hospitali ya Mnazi Mmoja (Unguja) au Abdulla Mzee (Pemba) imeletewa dawa ya aina hii kesho asubuhi: kitu gani kitatushinda kwanza?

Naomba majibu yenye vipimo. Vichwa vya habari tunavyo vya kutosha.

---

Bi_Vinasaba:

Wa alaykumu salaam. Nianze na hilo la kutambua, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kirusi hakina macho ya kuijua saratani. Kinaingia kwenye seli yoyote yenye kipokezi chake. Tofauti inajitokeza kikishaingia ndani.

Seli nzima ikivamiwa na herpesi, protini yake iitwayo PKR inagusa RNA ya nyuzi mbili, nayo ni dalili kwamba kuna mgeni. PKR inabandika fosfeti kwenye eIF2α, protini inayoanzisha utengenezaji wa protini nyengine, na papo hapo kazi ya kutengeneza protini inasimama. Seli inajifungia jiko ili mgeni asipike. Herpesi ya asili ina jibu lake: ICP34.5 inaleta kimeng'enya kinachobandua ile fosfeti, jiko linawashwa tena, kirusi kinazaana. Ukiondoa nakala zote mbili za jeni hiyo, kirusi kinaingia kwenye seli nzima, jiko linafungwa, na safari yake inaishia hapo.

Sasa seli za saratani. Nyingi katika kukua kwao zimeharibu mfumo huo wa tahadhari pamoja na njia ya interferoni (protini inayoziamsha seli dhidi ya virusi), kwa sababu mfumo huohuo ungezizuia zisigawanyike ovyo. Jiko lao halifungiki. Kirusi kilichonyimwa ICP34.5 kinapika humo bila taabu, seli inapasuka, na watoto wake wanahamia ya pili. Huo ndio uhusiano ulioukosa.

Dawa ya kwanza ya namna hii kukubaliwa Marekani, Oktoba 2015, na Ulaya Disemba mwaka huohuo, ni T-VEC. Mbali na ICP34.5 imeondolewa pia ICP47, ambayo kwa kawaida huzuia seli iliyovamiwa isioneshe vipande vya kirusi juu ya ngozi yake. Pahala palipobaki wazi imepachikwa jeni ya binadamu ya GM-CSF, inayoita seli za kinga zije kuokota mabaki ya uvimbe na kujifunza sura yake. Kwa maoni yangu hii sehemu ya kuita kinga ni kubwa kuliko kule kupasua seli.

Lakini shika neno "nyingi". Uvimbe ambao interferoni yake bado inafanya kazi utamzuia mgeni kama seli nzima inavyomzuia. Hiyo ni sababu ya kwanza ya dawa hizi kushindwa, na haionekani kwa macho.

Njia nyengine nitazipitia haraka. Kirusi cha adeno kinahitaji seli iliyo katika hatua ya kunakili DNA, kwa hiyo protini yake ya E1A huikamata Rb, breki ya seli ya kugawanyika, ili kuilazimisha. Ukifuta herufi 24 tu kati ya karibu 36,000 za adeno, E1A haiwezi tena kuishika Rb. Kwenye seli nzima kirusi kinakwama. Kwenye saratani ambayo njia ya Rb imeshavunjika, hakuna cha kulazimisha. Wengine wanaweka swichi ya E2F au ya telomerasi mbele ya jeni muhimu, ili iwake ndani ya saratani tu. Wengine wanapachika alama za miR-122, RNA ndogo iliyojaa kwenye ini, ili kirusi kikifika huko kikatwekatwe.

Kuna kosa lililoganda kwenye slaidi za wanafunzi. H101, adeno iliyokubaliwa China mwaka 2005 kwa saratani za kichwa na shingo pamoja na kemo, haina jeni ya E1B-55K. Awali ilielezwa kwamba inaua seli zisizo na p53 (protini inayozuia saratani) peke yake. Baadaye ikaonekana kwamba jambo kubwa ni uwezo wa seli za saratani kusafirisha RNA za mwisho za kirusi kutoka kwenye kiini. Wanaofundisha warekebishe.

Kuhusu mpaka kati ya kinachoua na kinachobeba: adeno inayobeba imeondolewa E1 yote, yaani jeni za kuanzisha uzazi, kwa hiyo haizaani. Mara nyingi hukuzwa kwenye HEK293, seli za binadamu za maabara, kwa sababu zenyewe zina E1 na zinaiazima. Chanjo ya Janssen ya UVIKO-19 iliyoletwa nchini Julai 2021 ilikuwa ya kundi hili, adeno namba 26, kwa hiyo watu wengi wameshachomwa kirusi kilichorekebishwa bila ya kujua. Hatari yake kiwandani ni kirusi kujirudishia E1 kutoka kwenye HEK293. Kipimo kinachotakiwa Marekani ni chini ya kimoja kinachozaana kwa kila chembe bilioni 30. Na kwa vile hakisambai, kinaponya pale tu jeni iliyobebwa ina athari inayovuka kwenda kwa jirani. Mfano ni jeni ya interferoni, au jeni ya herpesi ya TK, ambapo mgonjwa anapewa gansiklovia, seli iliyopokea jeni inaigeuza kuwa sumu, na sumu inapenya kwa majirani kupitia vijitundu vya ukuta.

---

Mfamasia_Mkoani:

Bi Vinasaba amemaliza nadharia. Nichukue swali la mwisho, kwa mfano wa T-VEC kwa sababu maelekezo yake yanajulikana.

Kitakachotushinda kwanza ni baridi. Dawa inakaa kati ya nyuzi 70 na 90 chini ya sifuri. Friza ya chanjo haifai hata kidogo. Inatakiwa friza ya kiwango hicho yenye king'ora, jenereta inayojiwasha, na pahala pa pili pa kuhamishia. Umeme wetu unapita kwenye waya chini ya bahari, Pemba kutoka Tanga na Unguja kutoka Dar es Salaam. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya kiza. Njiani utatumia barafu kavu, ambayo iko karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo inatosha kwa tabu. Boksi likifunguliwa mara mbili tatu umetoka nje ya kiwango. Barafu hiyo inatoa kaboni dayoksaidi: usiliweke boksi kwenye chumba cha boti kisicho na hewa, na usilifunge kwa mkanda wa kubana kabisa, litapasuka.

Kuyeyusha: acha kichupa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 25, takriban nusu saa. "Joto la chumba" la Mkoani mwezi wa Februari si hilo, kwa hiyo fanyia kwenye chumba chenye kiyoyozi na kipimajoto ukutani. Usikitie kwenye maji ya moto. Kizungushe taratibu, usikitikise. Kikishayeyuka hakigandishwi tena.

Dozi ya kwanza ni virusi hai milioni 1 kwa mililita. Dozi ya pili, baada ya wiki 3, ni milioni 100 kwa mililita, halafu hiyohiyo kila wiki 2. Ile ya kwanza ni dhaifu kwa makusudi: mtu ambaye hajawahi kupata herpesi ya mdomo anajengewa kinga kabla ya kupigwa dozi nzito. Anayeruka hatua hiyo kwa haraka ya kutaka matokeo anamuweka mgonjwa pabaya.

Jumla haizidi mililita 4 kwa siku moja. Uvimbe unaozidi sentimita 5 unapata hadi mililita 4. Wa sentimita 2.5 hadi 5, mililita 2, wa 1.5 hadi 2.5, mililita 1, wa 0.5 hadi 1.5, nusu mililita. Mdogo zaidi, sehemu moja ya kumi ya mililita. Sindano ni ya geji 22 hadi 26. Unaingiza pahala pamoja, kisha unaielekeza pande mbalimbali ndani ya uvimbe bila ya kuitoa nje, ukisukuma kidogokidogo. Ukitoboa matundu mengi dawa inachuruzika nje, na hapo umeiosha ngozi kwa dawa ya bei kubwa.

Baada ya hapo unafunika kwa bandeji isiyopitisha maji, angalau wiki nzima. Mama wa nyumbani anayebadilisha bandeji avae glavu, atie ya zamani kwenye mfuko uliofungwa. Mjamzito, na mwenye kinga iliyoshuka, hapewi dawa hii. Na mhudumu mwenye hali hizo asiitayarishe. Asiklovia, dawa ya herpesi, iwepo kabatini, kwa kuwa jeni ya TK inayoiamsha dawa hiyo imeachwa nzima na kwa hiyo kirusi kinatibika. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa anayemeza asiklovia kwa jambo jengine anaipunguza nguvu tiba yake.

Homa, baridi na uchovu vinatarajiwa. Uvimbe unaweza kuvimba zaidi kabla ya kupungua, ndiyo maana tiba hupewa miezi 6 au zaidi kabla ya kuihukumu, isipokuwa kama mgonjwa anahitaji tiba nyengine haraka.

Na iko kwa ajili ya nani? Kwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, iliyo kwenye ngozi, chini ya ngozi au kwenye tezi za limfu, isiyoweza kukatwa yote. Katika jaribio kubwa la watu 436, waliopungukiwa na uvimbe kwa muda wa miezi 6 au zaidi walikuwa asilimia 16.3, dhidi ya 2.1 ya waliopewa GM-CSF peke yake. Kwa saratani iliyofika ini au mapafu haikuonesha faida. Ndugu zetu wenye ualbino wanapata zaidi saratani za ngozi za aina nyengine, si melanoma, kwa hiyo dawa hii haikuandikwa kwa ajili yao; kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kikatwe mapema. Na kwa watu weusi melanoma inapenda unyayo na chini ya ukucha. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka lipimwe hata kama haliumi.

---

Maabara_Wete:

Shukran sana, Bi Vinasaba na Mfamasia. Bado la mshipa. Na hapa kwetu kila mtoto keshapata mafua ya adeno. Kingamwili zake si zitakimaliza kirusi hata hakijafika?

---

Bi_Vinasaba:

Ndivyo hasa, na umelitaja kubwa. Kingamwili dhidi ya adeno namba 5, ambayo dawa nyingi zimejengwa juu yake, ni nyingi mno Afrika kusini mwa Sahara. Hata bila kingamwili, ukiitia adeno 5 kwenye mshipa, protini ya damu iitwayo faktari X inajishika kwenye ganda lake na kuipeleka kwenye seli za ini, na seli za Kupffer, walinzi wa ini, zinameza kiasi kikubwa ndani ya dakika chache. Dozi ukiipandisha ili kufidia, unakutana na hatari ya mwaka 1999 Pennsylvania: Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye kasoro ya kimeng'enya cha ini, alitiwa adeno kwenye mshipa wa ini na kufariki siku nne baadaye kwa mlipuko wa kinga na viungo kuzimika. Hakuwa na saratani, lakini kila anayepanga dozi ya adeno anaanzia kwenye kisa hicho.

Kikivuka ini, bado uvimbe wenyewe. Ndani yake shinikizo la maji liko juu, nyuzi za kolajeni zimekaza, na katikati pamekufa bila damu. Kirusi kinaua seli za ukingoni karibu na mishipa na kukwama. Aidha saratani iliyokomaa mara nyingi hupoteza kipokezi cha adeno. Ndiyo sababu wengine wamehamia namba za adeno ambazo watu wachache wana kinga nazo, au wanachoma moja kwa moja. Japani mwaka 2021 ilikubali kwa masharti kirusi cha herpesi kilichofutwa jeni kadhaa, kinachoingizwa kwenye ubongo penye glioma, aina ya saratani ya ubongo.

Surua ni habari yenyewe. Mwaka 1971 madaktari waliokuwa Uganda waliandika kuhusu mtoto mwenye limfoma ya Burkitt ambaye uvimbe ulinywea alipopata surua. Kirusi cha chanjo ya surua kinapenda CD46, kipokezi kilicho juu ya seli, nayo imejaa kwenye seli za saratani nyingi. Lakini sisi wenye bahati ya kuchanjwa tuna kingamwili, kwa hiyo majaribio yalikwenda kwa wagonjwa wa mailoma, saratani ya uboho, ambao kinga yao ya surua ilikuwa imeshuka, kwa dozi ya hadi virusi hai bilioni 100 kwa mshipa. Asije mtu akaacha mwanawe bila chanjo kwa kisingizio hiki. Surua ya mtaani inaua watoto.

---

Kibofu_na_Figo:

Kuna pahala pamoja ambapo ini na kingamwili za damu hazina nafasi kubwa ya kuingilia: kibofu. Ni mfuko, una mlango, unautia dawa na kuutoa.

Nadofaragene ilikubaliwa Marekani Disemba 2022, kwa saratani ya kibofu isiyoingia kwenye msuli, yenye aina bapa iitwayo CIS, ambayo BCG (bakteria wa chanjo ya kifua kikuu wanaotiwa kwenye kibofu) imeshindwa nayo. Ni adeno isiyozaana yenye jeni ya interferoni alfa-2b. Mililita 75, kila mililita chembe bilioni 300, kupitia mpira wa mkojo, mara moja kila miezi 3. Kibofu kimwagwe kwanza. Dawa ikae saa nzima, na mgonjwa ageuzwe kila dakika 15: chali, ubavu, kifudifudi, ubavu wa pili. Asiyegeuzwa, paa la kibofu halipati dawa, na saratani inarudi palepale. Kibofu kikibana na mkojo ukatoka kabla ya saa, dozi imekwenda chooni. Ndiyo maana hutangulizwa dawa ya kulegeza kibofu. Siku 2 za mwanzo mkojo unachanganywa na dawa ya klorini ya ujazo uleule, unaachwa dakika 15, ndipo unamwagwa. Kati ya wagonjwa 98 waliopimwa, asilimia 51 saratani iliondoka kabisa, na karibu nusu ya hao walikuwa hivyo bado baada ya mwaka.

Sasa shida yetu. Visiwani kibofu kimechokozwa kwa vizazi na kichocho. Saratani inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa za skwamasi, na kwa kawaida mgonjwa anafika ikiwa imeshaingia kwenye msuli. Dawa hii ilijaribiwa kwenye aina ya urothelia, yaani ya ngozi ya ndani ya kibofu, iliyo juujuu. Kumpa mgonjwa wa skwamasi ni kumpotezea miezi 3 ambayo angefanyiwa upasuaji. Kazi iliyoanza 2011 ya kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, kwa dawa ya prazikwanteli ya miligramu 40 kwa kilo, kupambana na konokono na elimu maskulini, inazuia saratani nyingi kuliko nadofaragene itakavyoziponya. Mkojo wa damu kwa mtu mzima usiandikiwe kichocho bila ya kuangaliwa kibofu.

---

Damu_na_Uboho:

Naongeza aya moja ya CAR-T, tiba ya seli za kinga zilizotiwa jeni, maana huchanganywa na haya. Hapo kirusi hakiingizwi mwilini. Seli T za mgonjwa zinachujwa kwa mashine, zinatiwa jeni kwa lentivirusi zikiwa kiwandani, zinakuzwa, zinagandishwa, kisha zinarudishwa baada ya dawa za kemo, fludarabini na siklofosfamidi, kupunguza seli zilizokuwepo. Jeni inazifunza kuishika CD19, alama iliyo juu ya seli B. Ya kwanza ilikubaliwa Agosti 2017 kwa leukemia ya seli B ya watoto na vijana, bei yake ikiwa dola 475,000. Wasiwasi wa siku za mwanzo ni dhoruba ya sitokini, yaani mlipuko wa kinga: homa, presha kushuka, oksijeni kushuka. Toslizumabu, dawa ya kuituliza dhoruba hiyo, lazima iwepo wodini kabla ya mfuko kufunguliwa. Mgonjwa alitakiwa akae jirani na hospitali wiki 4; Marekani tangu 2025 ni wiki 2. Kwa anayeishi Micheweni, hata kusafiri tu kunatakiwa kupangwa kama sehemu ya tiba.

---

Mfamasia_Mkoani:

Kwa jamaa wanaoletewa matangazo ya "sindano ya kirusi" ya ng'ambo, waulize muuzaji haya kwa maandishi. Kirusi gani, na jeni gani zimeondolewa? Kimesajiliwa nchi gani, kwa saratani ipi? Kinahifadhiwa kwa baridi kiasi gani? Na dozi ni virusi hai vingapi kwa mililita?

Hilo la mwisho ndilo linalowaumbua. Chembe za kirusi zinahesabika hata zikiwa zimekufa. Uhai unapimwa kwa kumwaga dawa iliyozimuliwa juu ya zulia la seli na kuhesabu matundu: ukitia mililita 0.1 ya mzimuo wa moja kwa milioni ukapata matundu 40, basi asili ina milioni 400 kwa mililita. Latvia ilisajili kirusi cha saratani mwaka 2004. Mwaka 2019 usambazaji wake ulisimamishwa baada ya vipimo kuonesha virusi vichupani ni vichache mno kuliko vilivyoandikwa. Hiyo ilikuwa dawa iliyosajiliwa. Ya vidonge, au inayotumwa kwa posta bila barafu, msiipotezee pesa.

---

Maabara_Wete:

Nimeelewa. Kumbe karibu kila jibu linarudi kwenye kujua ni saratani ya aina gani hasa. Tukichukua kinyama huku Wete kabla ya kukipeleka Unguja, tukiwekeje kisiharibike?

---

Patholojia_Unguja:

Swali zuri, na hili halina haja ya friza. Formalini ya asilimia 10 yenye bafa: kwa lita moja, formaldehaidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40 mililita 100, maji yaliyochujwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti ya monohaidreti gramu 4, na disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. Bila ya bafa inageuka kuwa tindikali na kuacha vumbi jeusi kwenye slaidi.

Kinyama kiingie ndani ya saa moja tangu kukatwa, na saa hiyo iandikwe kwenye lebo. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Dawa inapenya takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo kipande kikubwa kipasuliwe kiwe na unene usiozidi milimita 5, la sivyo katikati panaoza huku nje pakionekana pamekakamaa vizuri. Chupa iwe na mdomo mpana. Kinyama kilichoingia laini kwenye mdomo mwembamba kikikakamaa hakitoki mpaka kisagike. Usikitie kwenye maji ya chumvi kukisubirisha, na usikigandishe.

Kikae humo kwa muda wa saa 6 hadi 72. Kikizidi, vipimo vya protini kama vile vya saratani ya matiti vinaanza kudanganya. Bahari ikichafuka na boti haziendi, kikitimiza saa 72 kihamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70 na uandike tarehe na saa uliyohamisha. Kikishakuwa bloku ya nta kinakaa miaka, na kinaweza kwenda Dar es Salaam au kokote bila baridi yoyote, ila kisiachwe juani kwenye dashibodi ya gari.